Watoto wa Chupa: Historia ya Yai Kukutana na Mbegu Nje ya Mwili

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wengi hulisema kwa kunong'ona: mama aliyekaa kwenye ndoa miaka mingi bila kushika mimba, na ile njia ya hospitali ambayo yai la mama na mbegu ya baba hukutanishwa nje ya mwili.

Watoto wanaopatikana kwa njia hii wengine huwaita "watoto wa chupa". Hospitalini utasikia herufi tatu, IVF. Mtaani utasikia mengine: kwamba mtoto huyo hukua ndani ya mashine miezi tisa, kwamba si mtoto wa mama yake, kwamba hataweza kuzaa akiwa mkubwa. Maneno haya huumiza watu. Kwa hivyo leo hatutaanza na dawa. Tutaanza na historia, kwa sababu mtu akijua jambo lilikotoka, si rahisi kudanganywa juu yake.

Mwili wenyewe hufanya nini?

Mama ana vifuko viwili vya mayai, kimoja kila upande wa nyumba ya uzazi. Kwa kawaida, kila mwezi yai moja hukomaa na kutoka. Yai hilo ni dogo sana, kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Hupokewa na mrija wa uzazi, na ni ndani ya mrija huo, si ndani ya nyumba ya uzazi, ambapo mbegu ya baba hulikuta na kulirutubisha.

Yai likisharutubishwa huanza kugawanyika. Seli moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Wakati huo wote linasafiri polepole ndani ya mrija, na baada ya siku tano au sita hivi hufika katika nyumba ya uzazi na kujishikiza. Katika siku hizo za mwanzo huitwa kiinitete.

Sasa fikiria mrija umeziba. Yai linatoka, mbegu ziko, lakini hazikutani. Ni kama watu wawili walio ng'ambo mbili za mto na daraja limevunjika. Mama huyu anapata hedhi vizuri, ana afya, anafanya kazi zake zote, lakini mimba haishiki. Kwa miaka mingi sana hakukuwa na msaada wa maana kwa mama kama huyo. Ndipo wanasayansi wakajiuliza: kama daraja limevunjika, je, tunaweza kuwakutanisha wawili hawa mahali pengine, kisha tumrudishe mtoto nyumbani?

Mama mwenye mtoto anayeota meno

Msikilizaji, mtu wa kwanza kuandika kwamba amefaulu kurutubisha yai la binadamu ndani ya kioo alikuwa mwanamke. Jina lake ni Miriam Menkin. Alifanya kazi ya maabara karibu na mji wa Boston, Marekani, chini ya daktari wa kina mama aliyeitwa John Rock. Walianza mwaka 1938. Wanawake waliokuwa wakifanyiwa upasuaji walikubali mayai yao yatafutwe. Miriam alisubiri nje ya chumba cha upasuaji, akachukua kile alichopewa na kukimbia nacho maabara. Huko alitafuta yai, aliliosha, alilichanganya na mbegu, kisha alitazama. Wiki baada ya wiki, kwa miaka sita, hakuna kilichotokea.

Februari 1944 alikuwa na mtoto mchanga nyumbani anayeota meno. Kina mama mnajua usiku wa namna hiyo. Miriam hakuwa amelala vya kutosha, na siku ile kazini aliziacha mbegu na yai pamoja muda mrefu zaidi ya kawaida yake, kama saa nzima badala ya nusu saa. Tena hakuziosha mbegu mara nyingi kama siku nyingine, na alitumia nyingi zaidi. Aliporudi kutazama baadaye, yai lilikuwa limegawanyika. Seli mbili!

Yeye na daktari Rock waliandika habari hiyo mwaka huohuo katika jarida la kisayansi. Lakini hawakuendelea mbali. Mume wa Miriam alipoteza kazi yake Boston, akapata nyingine katika jimbo la mbali, na Miriam akahama naye. Huko hakupata hospitali iliyokubali kazi hiyo. Basi jambo likakaa.

Nalisimulia hili kwa sababu wengi hudhani sayansi hufanywa na watu wasio na nyumba wala watoto. Huyu alikuwa mama kama wewe, mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Sungura na saa za kungoja

Kulikuwa bado na mambo mawili yasiyojulikana. La kwanza ni kuhusu mbegu ya baba. Mwaka 1951 watafiti wawili, kila mmoja mahali pake, waligundua kwamba mbegu ikitoka kwa mwanamume haiwezi kulirutubisha yai papo hapo. Ni lazima kwanza ikae ndani ya mwili wa mwanamke kwa muda, ipate kuwa tayari. Mmoja alikuwa Colin Austin wa Australia. Wa pili alikuwa Min Chueh Chang, mzaliwa wa China aliyefanya kazi Marekani. Mwaka 1959 Chang alirutubisha mayai ya sungura ndani ya kioo, akayaweka katika sungura mwingine, na watoto wakazaliwa wazima. Chang huyohuyo ni mmoja wa walioleta vidonge vya kupanga uzazi, vile mnavyovijua kliniki. Mtu mmoja alisaidia wanaotaka kungoja na wanaotaka kuzaa. Huo ndio upangaji uzazi wa kweli: kila familia ipate watoto kwa wakati wake.

La pili ni kuhusu yai. Yai lililochukuliwa kabla ya kukomaa haliwezi kurutubishwa. Vitabu vya wakati huo vilisema kwamba yai la binadamu likiwekwa kwenye kioo hukomaa kwa saa 12 hivi. Mwingereza mmoja, Robert Edwards, alijaribu hivyo mara nyingi bila kufaulu. Kisha akaamua kungoja zaidi. Mwaka 1965 alionyesha kwamba yai la mwanamke linahitaji karibu saa 36 au zaidi. Mpaka leo, mama akipigwa sindano ya mwisho ya kukomaza mayai, daktari huhesabu kama saa 36 kabla ya kuyatoa. Hesabu hiyo ilitokana na mtu aliyekubali kungoja.

Mwaka 1969 Edwards na wenzake, Barry Bavister na daktari Patrick Steptoe, waliandika kwamba mayai ya binadamu yamerutubishwa ndani ya kioo. Bavister alikuwa ametengeneza majimaji yaliyozifaa mbegu na mayai, yakachukua nafasi ya yale yaliyomo mwilini mwa mama.

Watu watatu wa Oldham

Steptoe alikuwa daktari wa kina mama katika mji wa viwanda uitwao Oldham, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa bingwa wa laparoskopi, yaani kutazama ndani ya tumbo kwa kifaa chembamba kama bomba kinachopitishwa karibu na kitovu, bila kupasua tumbo lote. Madaktari wengi waliidharau njia hiyo. Lakini kwa Edwards ilikuwa ndiyo njia ya kulifikia yai.

Wa tatu alikuwa Jean Purdy, na hapa naomba wauguzi wenzangu wasikilize vizuri. Jean alikuwa muuguzi. Alijiunga na Edwards mjini Cambridge mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 23. Alijifunza kazi ya maabara hadi akawa mtaalamu wa viinitete. Yeye ndiye aliyetayarisha majimaji, aliyepokea mayai, aliyeyatunza na kuandika kila kitu daftarini. Kutoka Cambridge hadi Oldham ni mwendo wa saa kadhaa kwa gari, na yeye na Edwards waliifanya safari hiyo mara nyingi kwa miaka kumi. Mama yake Jean alipougua sana, Jean alikaa naye kumuuguza. Kazi yote ya Oldham ilisimama mpaka aliporudi. Hapo utajua nani alikuwa nguzo.

Mwaka 1971 waliomba pesa kwa baraza la serikali la utafiti wa tiba, wakanyimwa. Viongozi wa dini walipinga, na hata wanasayansi wakubwa walisema watoto watazaliwa na kasoro. Swali hilo halikuwa la kijinga. Hakuna aliyekuwa na hakika. Lakini kina mama waliendelea kuja.

Kina mama hawa ndio ambao historia haiwataji kwa majina. Kati ya 1969 na 1978, wanawake 282 walijitolea kutolewa mayai Oldham. Walilazwa wodini na mkojo wao ulikusanywa kila saa tatu, usiku na mchana, ili ijulikane yai linakaribia kutoka lini. Yai halina saa ya ofisi. Likiwa tayari usiku wa manane, msimamizi wa chumba cha upasuaji, Sista Muriel Harris, aliamsha wasaidizi wake, na wauguzi wengi walifanya hivyo kwa kujitolea.

Kwa wanawake hao 282, walizaliwa watoto wawili tu. Wengine wote walirudi nyumbani mikono mitupu. Mimba moja ya mapema ilishika nje ya nyumba ya uzazi ikabidi itolewe. Mama akilia kwamba amejaribu ikashindikana, mkumbushe kwamba njia hii yote ilijengwa na wanawake walioshindwa. Kila mmoja wao aliacha jambo fulani ambalo wataalamu walijifunza.

Usiku wa tarehe 25 Julai 1978

Lesley Brown aliishi Bristol na mumewe John, aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Mirija yake yote miwili ilikuwa imeziba. Walikuwa wamejaribu kupata mtoto kwa miaka tisa.

Wakati huo wataalamu wa Oldham walikuwa wameacha dawa za kuongeza mayai, kwa sababu waliona zinaivuruga nyumba ya uzazi. Waliamua kungojea yai moja tu la kawaida la mwezi. Tarehe 10 Novemba 1977, Steptoe alilitoa yai moja la Lesley. Edwards akaliweka pamoja na mbegu za John katika kisahani. Jean Purdy akakaa akilichunga, na yeye ndiye wa kwanza kuona limegawanyika kuwa seli nane. Baada ya siku mbili na nusu hivi, kiinitete kilirudishwa ndani ya Lesley kwa mpira mwembamba, bila kisu. Mengine yote aliyafanya Lesley mwenyewe: alibeba mimba, na mwishoni akapata presha ya mimba, kama wapatavyo kina mama wengi hapa kwetu.

Kwa ajili ya presha hiyo alifanyiwa upasuaji. Tarehe 25 Julai 1978, saa tano na dakika 47 usiku, alizaliwa msichana wa kilo 2.6, mzima, akilia kwa sauti. Aliitwa Louise.

Kuna jambo moja linalonifikirisha kama muuguzi. Baadaye Lesley alieleza kwamba hakujua ni yeye wa kwanza. Alidhani watoto wengi wa namna hiyo tayari wako duniani, naye hakuuliza. Matokeo yalikuwa mazuri, lakini mama ana haki ya kujua. Ukienda kwa daktari yeyote, uliza: umeifanya mara ngapi? Wangapi wamejifungua? Kuna hatari gani? Daktari mzuri hakasiriki kwa kuulizwa.

Baada ya kujifungua, Lesley alipata barua za pongezi kutoka kila mahali, na pia barua za matusi. Lakini muda ulijibu maneno ya watu. Mwaka 1982 alimzaa Natalie kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1999 Natalie alizaa mtoto wake kwa njia ya kawaida, akiwa wa kwanza duniani kufanya hivyo kati ya waliopatikana kwa IVF. Louise naye akazaa mwaka 2006, pia kwa njia ya kawaida. Kwa hivyo wanaosema watoto hawa hawawezi kuzaa, tuwajibu kwa upole kwamba jambo hilo lilikwisha zamani.

Jina lililoachwa

Jean Purdy alifariki mwaka 1985 kwa saratani ya ngozi, akiwa na miaka 39. Hakuwa ameolewa na hakuwa na mtoto, lakini mamia ya watoto walikuwa wamepita mikononi mwake. Hospitali ya Oldham ilipotaka kuweka bamba la ukumbusho, Edwards aliandika barua kuomba jina la Jean liwekwe. Bamba likawekwa na majina ya wanaume wawili tu. Steptoe alifariki mwaka 1988. Mwaka 2010 Edwards alipewa Tuzo ya Nobel peke yake, kwa kuwa tuzo hiyo hawapewi waliokwisha kufa. Ni mwaka 2022 ndipo Oldham palipowekwa ukumbusho wa Jean Purdy na Sista Muriel Harris.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tukisema daktari fulani amefaulu, tukumbuke pia aliyeamka usiku kupima mkojo.

Kutoka Oldham hadi Nairobi

Baada ya Louise, njia ilifunguka. Mwaka 1980 mtoto wa kwanza wa IVF alizaliwa Melbourne, Australia, na mwaka 1981 wa kwanza Marekani. Mwaka 1984, huko Melbourne, alizaliwa mtoto wa kwanza kutoka kiinitete kilichogandishwa. Leo viinitete vinavyobaki huwekwa katika naitrojeni iliyo baridi sana, nyuzi 196 chini ya sifuri, ili mama ajaribu tena bila kutolewa mayai upya.

Mwaka 1992 mjini Brussels, Ubelgiji, Gianpiero Palermo na wenzake walitangaza mimba zilizopatikana kwa kuchukua mbegu moja tu ya mwanamume na kuiingiza ndani ya yai kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Hii ilikuwa habari kubwa kwa wanaume wenye mbegu chache au dhaifu. Kabla ya hapo, watu wengi walimwangalia mwanamke tu.

Hapa kwetu Kenya, watoto wa kwanza wa IVF walizaliwa Nairobi mwezi Mei 2006, kwa kazi ya daktari Joshua Noreh na wenzake. Kufikia 2018, miaka 40 baada ya Louise, ilikadiriwa kwamba watoto zaidi ya milioni 8 walikuwa wamezaliwa duniani kwa njia hii.

Leo inafanywaje?

Mama hupigwa sindano za homoni kwa siku kumi hivi ili mayai kadhaa yakomae pamoja. Daktari hutazama kwa ultrasaundi. Mayai yakiwa tayari, hupigwa sindano ya mwisho, na baada ya saa 36 hivi mayai hutolewa kwa sindano ndefu inayopitia ukeni, mama akiwa amepewa dawa ya kumtuliza. Siku hizi laparoskopi haihitajiki.

Baba hutoa mbegu siku hiyohiyo. Mbegu huoshwa, na zilizo na nguvu huwekwa pamoja na mayai katika kisahani. Kisahani huwekwa ndani ya inkubeta yenye joto kama la mwili, nyuzi 37. Kina mama waliozaa watoto njiti wanaijua inkubeta. Hii ni ndugu yake, ila ndogo. Hakuna chupa, na hakuna mtoto anayekua humo miezi tisa.

Kesho yake mtaalamu hutazama kwa hadubini kama yai limerutubishwa. Siku ya tatu kiinitete kizuri huwa na seli kama nane. Siku ya tano huwa kama seli mia moja, kimekuwa mpira mdogo wenye maji ndani. Hapo, au siku ya tatu, kiinitete hurudishwa katika nyumba ya uzazi. Kisha ni kungoja wiki mbili hivi ndipo kipimo cha mimba kifanywe.

Zamani madaktari waliweka viinitete vingi kwa matumaini kwamba mmoja atashika. Matokeo yake yakawa mapacha wengi, hata watatu na wanne, waliozaliwa kabla ya wakati. Sasa ushauri mzuri kwa mama wengi ni kuweka kimoja kwa wakati mmoja.

Ukweli wa pesa na wa umri

Msikilizaji, sitakuficha. Kwetu Kenya jaribio moja hugharimu laki kadhaa za shilingi, na halina hakikisho. Uingereza, ambako matokeo ya kila kliniki huhesabiwa, kwa mama wa chini ya miaka 35 ni kiinitete kama 1 kati ya 3 kinachorudishwa ambacho huzaa mtoto. Kwa mama wa miaka 40 hadi 42 ni kama 1 kati ya 10, akitumia mayai yake mwenyewe. Basi anayekuahidi kwamba lazima utazaa, muogope, awe na koti jeupe au awe na tunguri. Usiuze shamba la familia kwa ahadi ya mdomo.

Kwa nini basi nimewasimulia haya yote? Ni kwa sababu Lesley Brown alikuwa na mirija iliyoziba, na hapa Afrika mirija iliyoziba ni moja ya sababu kubwa za kina mama kukosa watoto. Mirija hiyo mara nyingi huzibwa na magonjwa tunayoweza kuyazuia au kuyatibu mapema: kisonono na klamidia, na maambukizi baada ya kuzaa au baada ya mimba kuharibika au kutolewa kwa njia isiyo salama. Dawa ya kisonono haifikii hata kidogo gharama ya IVF. Lakini klamidia mara nyingi haina dalili, na kisonono kwa mwanamke kinaweza kukaa kimya huku mrija ukiharibika. Ukiambiwa una ugonjwa wa zinaa, mlete na mwenzako mtibiwe pamoja, na mmalize dawa. Ukijifungua, halafu upate homa, maumivu ya tumbo au uchafu wenye harufu mbaya, usingoje. Njoo kliniki siku hiyohiyo.

Na neno kwa jamii. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hupata tatizo la uzazi wakati fulani maishani. Karibu katika nusu ya wanandoa wenye shida hii, tatizo liko kwa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe. Lakini ni mwanamke anayeitwa tasa, ni yeye anayerudishwa kwao, na ni mlangoni pake ambapo mke wa pili huingia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama mkwe, kabla ya kumuuliza mke wa mwanao kwa nini nyumba iko kimya, muulize mwanao kama amepimwa. Kipimo cha mbegu hakina sindano wala kisu, na kwa haki ndicho kingetangulia.

Mambo ya kukumbuka

Ikiwa mmejaribu kwa mwaka mzima bila kinga na mimba haijashika, nendeni hospitali wote wawili. Mama akiwa na zaidi ya miaka 35, msingoje zaidi ya miezi sita.

Tatizo la uzazi ni la wawili. Pimweni wawili.

Magonjwa ya zinaa yatibiwe mapema, na wenzi wote wawili watibiwe.

Mtoto wa IVF hubebwa na mama, huzaliwa na mama, hunyonyeshwa na kuchanjwa kama mtoto mwingine yeyote. Asibaguliwe nyumbani wala shuleni.

Wazazi wasiopata mtoto kwa njia yoyote bado ni watu kamili. Kulea mtoto asiye na mlezi, kwa kufuata sheria, pia ni uzazi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Katika eneo letu mwanamke asiye na mtoto huitwaje, na mwanamume asiye na mtoto huitwaje? Kwa nini majina hayo hayalingani?

Tunaweza kufanya nini ili kina baba wakubali kupimwa?

Je, kina mama wa kikundi chetu wanajua dalili za maambukizi baada ya kujifungua?

Huo ndio mwisho wa mazungumzo yetu ya leo. Ukiwa na swali, mwone muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji aliye karibu nawe. Usione haya. Tutakutana tena katika mazungumzo yajayo.